Nyongeza Iko Wapi?

Mama anayesimamia makumbusho ya sanaa chuoni kwetu, hapa Machakos, huipokea ramani ya upanuzi kama mtu anayenunua nyanya sokoni. Huibonyezabonyeza kwa kidole gumba, huguna, kisha humgeukia msanifu majengo: "Ni sawa, kijana yangu. Na nyongeza iko wapi?" Msanifu hucheka, lakini penseli yake husogeza ukuta kidogo kuelekea maegesho ya wakubwa. Sasa ukumbi mpya umeshakalia nafasi ya gari la naibu chansela. Juzi mwenyewe akaja, yeye ambaye hajawahi kuingia kuona picha hata moja, akaomba angalau akatiwe kachumba ka ofisi humo ndani. Mama alimtazama kuanzia tai hadi viatu, akatabasamu: "Nyongeza hupewa mtu amenunua, Prof. Wewe hata bei hujawahi kuuliza."