Mguu Usiouma

Siku moja ya kipupwe naikumbuka kwa pua, mwanangu. Tuliamka alfajiri kwa harufu ya nyama inayoungua, na nyumbani kwetu hakukuwa na nyama.

Ulikuwa mwaka wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji. Wadachi walikuwa wamechoma maghala huko chini, na huku juu Newala tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini, na siku ya heri tulikula muhogo. Basi mate yalitujaa mdomoni kabla akili haijaamka. Kisha mama akapiga kelele. Uliokuwa unaungua ni unyayo wa mjomba wangu Likapa. Alikuwa amelala kando ya moto kwa sababu ya baridi, mguu ukateleza kwenye makaa, na yeye anakoroma.

Mama aliuvuta mguu ule kama anavyovuta gogo.

"Mbona mnanililia kama maiti?" mjomba aliuliza, macho bado mazito.

"Unaungua, kaka! Huoni?"

Mjomba aliutazama mguu wake kama bidhaa ya mtu mwingine. Akaubonyeza kwa kidole. "Hauumi," akasema. "Basi huu si wangu, tafuteni mwenyewe."

Tulicheka, mwanangu. Ndiyo, tulicheka. Mtu anayefanya mzaha na mguu ulioungua ungemfanya nini?

Nikueleze huyu mjomba alikuwa nani kwetu. Kwetu sisi mjomba, ndugu wa mama, ndiye mwenye nyumba, hata kama nyumba si yake. Yeye ndiye anayekuoza, yeye ndiye anayekusemea barazani. Baba yangu alikufa zamani, na vita vilipopita mjomba Likapa ndiye mwanamume pekee aliyebaki kwetu. Alikuwa mchuuzi wa nta na mpira wa msituni, anashuka nazo mpaka Mikindani na kurudi na chumvi na nguo. Mimi nilikuwa msichana niliyekwishachezwa unyago, sijaolewa bado. Ujanja wote wa sokoni nilionao, wa kukigeuza kitu upande huu na upande huu kabla ya kukitajia bei, aliniachia yeye. Ukiona ninahesabu vitunguu mara mbili, mlaumu yeye.

Lakini mwili wake hakuupima hivyo.

Kabla ya moto ule dalili zilikuwa tele, ila hatukuwa na jina la kuzipa. Kwanza kiu. Nawe unaijua Newala yetu: udongo mwekundu, upepo, na maji hakuna. Wanawake tulikuwa tukiamka nyota zingali juu, tunashuka ukingo wa mlima mpaka chemchemi za bondeni, kisha tunapanda na mitungi, ulimi nje. Mjomba alikuwa akiyanywa maji yale kama mchanga.

"Kaka," mama alimwambia siku moja, "hayo unayokunywa ni mgongo wangu."

"Mgongo mtamu, dada. Niongeze."

Hata walipokuja watu na ile dawa ya kunyunyiziwa, ya kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji, mjomba aliwauliza kama hawana ya kunywa. Waliondoka wamenuna.

Tena alikonda, naye hakuwa mtu wa kukonda. Mahali alipozoea kukojoa, nyuma ya uzio, sisimizi walikuwa wakikusanyika kana kwamba amemwaga asali. Ngozi ya miguu yake ilikauka na kupasuka kama gome la mti, ikamuwasha mpaka akawa anajikuna kwa gunzi la muhindi, na kila alipojikuna paliota kidonda. Katikati ya vidole vya miguu palikuwa peupe, pamelowa, panachubuka. Majirani walisema amerogwa na wachuuzi wenzake. Mama alisema ni vumbi la njia. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunakitafuta barabarani.

Sasa sikiliza habari ya maji ya pili. Kwa kuwa maji yalikuwa taabu, kwetu hayakumwagwa mpaka yamefanya kazi zote. Yaliyonawiwa uso yaliosha vyombo. Yaliyoosha vyombo ndiyo yaliyokuwa maji ya pili, na hayo yalikuwa ya mbuzi na ya miguu. Mtu kuosha miguu kwa maji mapya ilikuwa ni kujionyesha, kama kuwasha moto kwa kitanda. Basi kidonda cha ule moto kilioshwa kwa maji ya pili, kama ilivyokuwa desturi. Mama akakipaka majivu na tumbaku iliyotwangwa. Mjomba akakaa nje akipatana bei na wapita njia, mguu kaunyoosha, nzi wanaushangilia.

Kwa kuwa hakikuuma, hakuna aliyekiogopa. Kilikuwa cha ukubwa wa kifuniko cha kibuyu, kikafika kisigino. Bandubandu humaliza gogo.

Ndipo akaja Bibi Abiti Saidi. Alikuwa mjane wa Masasi, mumewe na mjomba walikuwa wakichuuza pamoja. Vita vilimtoa kwake, akajificha Chiwata, na Chiwata nako kulipokauka chakula akapanda kwetu na chungu kimoja na ulimi wake. Alinikuta nimechuchumaa mbele ya mjomba, ninauosha mguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maji gani hayo yenye ukoko wa ugali?"

"Ya vyombo, bibi. Ya pili."

"Na wewe jana ulikula alichobakiza mbuzi?"

Bibi akainama, akakinusa kidonda kama unavyonusa samaki wa jana, kisha akamtazama mjomba usoni.

"Likapa, kinakuuma?"

"Hata kidogo, shemeji. Mimi ni mzima, mguu ndio una maneno."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Marehemu naye alikuwa na kiu kama yako, na sisimizi kama wako, na kidonda hakikumuuma. Nilimzika hakimuumi."

Mjomba, mwanangu, hakuwa mtu wa kukosa neno. Siku ile aliuvuta mguu taratibu, akaufunika kwa nguo yake.

Bibi akamgeukia mama. "Mama wa nyumba hii, nasema wewe unisikie. Mnaona uchungu wa maji kuliko uchungu wa ndugu. Kidonda kinakula kama mtu, na ninyi mnakilisha uchafu kila siku, halafu mnashangaa kinanenepa."

"Maji yako mbali, dada yangu," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Wewe hujaupanda huo mlima."

"Nitaupanda."

Akaupanda kweli, na mifupa yake ile. Kuanzia siku ile tulishuka bondeni mara mbili, asubuhi na alasiri. Maji ya kidonda yalichemshwa, yakapozwa, yakatiwa chumvi kidogo, na hayakuguswa kwa kazi nyingine. Mwenye kuyapima joto nilikuwa mimi, kwa kiwiko changu, kwa maana unyayo wa mjomba usingejua maji ya moto na ya baridi. Majivu na tumbaku zilikoma. Bibi alichana kanga yake ya pekee, akavichemsha vipande, akavianika juani, akakifunika kidonda kwa hivyo. Ngozi kavu ya miguu ilipakwa mafuta ya ufuta, lakini katikati ya vidole alikataza. Pale palikaushwa tu, taratibu, kama unavyomfuta mtoto. Gunzi lilitupwa. Moto ulihamishwa upande wa pili wa nyumba, mjomba akapewa gunia la kujifunika. Asali na pombe zilipigwa marufuku, ingawa njaa ilikuwa imezipiga marufuku zamani, na nadhani ile njaa ilimsaidia mjomba kuliko bibi alivyokubali. Na mguu usikanyage chini.

"Mchuuzi asiyekanyaga chini ni nini?" mjomba alilalama.

"Ni mchuuzi aliye hai," bibi alimjibu.

Miezi ilipita. Tulichoka, mwanangu, sitakuficha. Kumuuguza mtu asiyeumwa ni kazi ngumu kuliko kumuuguza anayelia, maana hakushukuru. Lakini kidonda kikaanza kujikunja kutoka pembeni, kikawa chekundu kizuri, kikawa kidogo, kikafunga. Nilivihesabu vidole vyake, nikarudia. Vilikuwa vyote. Bibi alikaa chini siku ile akalala hapohapo alipokaa.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi tulidhani.

Mvua zilipokaribia, habari zilipanda kwamba huko Mikindani nta inatakiwa sana. Nyumbani chumvi ilikuwa imekwisha, na mbegu hatuna. Mjomba akaanza kufunga mzigo.

"Ngozi hiyo ni ya juzi, Likapa," bibi alimwambia. "Hata mwanambuzi wa juzi hapelekwi safari."

"Shemeji, nimeikanyagia jana kutwa nzima. Haiumi."

"Bado hujanielewa tu."

"Dada," alimwambia mama, "nikikaa hapa tutakufa wote kwa njaa, mguu ukiwa mzima. Utanisifia mguu kaburini?"

Na mama, aliyekuwa ameuchoka mlima, na njaa, na maneno, akamfungia muhogo wa njiani. Simlaumu. Hesabu ya mjomba haikuwa ya kipumbavu. Ilikuwa na upungufu wa tarakimu moja tu, nayo ilikuwa chini ya unyayo wake. Alivaa makubazi mapya ya ngozi, akatushika mikono, akaondoka akiimba. Bibi alimfuata mpaka mwisho wa mashamba.

"Kila unapolala, mtu akuangalie nyayo!" alipiga kelele. "Mtu, si wewe!"

Mjomba akapunga mkono.

Walimrudisha kwa machela, vijana wa upande wa Tandahimba waliomkuta amekaa njiani. Mzigo wa chumvi alikuwa ameukumbatia, haukupungua hata chembe. Mwiba ulikuwa umepenya kubazi na kuingia unyayoni, akatembea nao mpaka pwani, akapatana bei nao, akaanza kurudi nao. Mguu ulikuwa mweusi mpaka kwenye goti, na joto la mwili wake ulilisikia kabla hujamgusa.

Bibi Abiti Saidi hakumgombeza. Alichemsha maji, akaosha, akafunika kwa kitambaa safi, kama vile bado kuna faida.

Jioni mjomba aliniita. "Mpwa wangu, hao vijana wasikuambie mimi mbishi. Ungeniuma ningerudi. Kweli kabisa, ungeniuma ningerudi."

Alifariki kabla ya mvua ya kwanza. Ile chumvi tuliila mwaka mzima.

Sasa mimi ni mzee, mwanangu, na ugonjwa ule una jina, unaitwa kisukari, una hospitali na dawa zake. Na bado kila mwaka ninamwona mtu amekaa na kidonda mguuni, ananipa shikamoo, anatabasamu, ananiambia hakiumi. Nimechoka kulisikia neno hilo. Kwa mwenye kisukari, maumivu ni mlinzi aliyelala. Usimwulize kama kuna mwizi.

Basi wewe uliyeambiwa una ugonjwa huu, au unayemtunza aliye nao, nunua maneno haya kwangu bila kupunguza bei. Itazame miguu yako kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama tumia kioo, au mwite mkeo, mumeo, mtoto. Ioshe kwa maji safi ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko au kwa mkono wa mwingine, uikaushe vizuri, uipake mafuta isipokuwa katikati ya vidole. Usiote moto kwa miguu. Usitembee pekupeku hata uani, na kiatu kikung'ute na kukipapasa ndani kabla ya kukivaa. Ngozi ikiwasha usiikune kwa kitu kikali. Ukipata mchubuko, hata wa ukubwa wa punje ya mtama, usiutie majivu, wala tumbaku, wala dawa ya jirani. Uoshe kwa maji safi, uufunike kwa kitambaa safi, uende kwa mganga wa hospitali siku hiyohiyo, usingoje uume. Dawa ya sukari usiiache kwa sababu umejisikia mzima. Na kidonda kikifunga, usikikanyagie mpaka aliyekutibu amesema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu wa kwetu hakuficha hata, aliamini tu mguu wake.

Ninakuombea, mwanangu: Mungu akupe macho ya kukuangalia pale usipofika, na watu wasiochoka kukubebea maji. Akufikishe uzeeni kwa miguu yako mwenyewe, uchoke kwa kutembea, si kwa kubebwa. Amina, na amina tena.