Asubuhi Niliyowatangulia Wenzangu

Mwaka niliohamishiwa Moshi, miaka ya tisini mwanzoni, nilipanga nyumba mtaa wa Soweto na kuanza kunenepa. Daktari akaniambia nikimbie. Nikajiunga na kikundi cha mchakamchaka kilichopita mtaani kwetu kila alfajiri. Walikuwa watu kama ishirini: mafundi, wauguzi, mzee mmoja Singasinga mwenye duka la spea, na mbele yao mama muuza ndizi, filimbi shingoni, mnene kuliko mimi, aliyekimbia huku akiimbisha bila kuhema.

Niseme ukweli, walinikera. Walikwenda polepole kwa ajili ya magoti ya yule Singasinga. Waliimba. Wakimaliza walisimama kuulizana habari za watoto, ng'ombe na migomba, utadhani hawana kazi za kwenda. Mimi nilitaka kupunguza tumbo, sikutafuta ndugu. Wiki ya pili nikaanza kubeba redio yangu ndogo mkononi, nisikilize taarifa ya habari, na kuwaacha nyuma.

"Mbe," yule mama aliniita, jinsi wanaume wanavyoitwa huku, "usitutangulie. Tunakwenda pamoja."

Nilidhani ananionea wivu.

Asubuhi moja, giza halijaisha, tulikuwa tunarudi. Nilikuwa mbele yao hatua mia hivi, nikakata kona ya mtaa wangu na kuongeza mwendo. Usiku ule nyumba moja pale ilikuwa imevunjwa, nami sikuwa na habari. Watu walikuwa macho, wamekaa na hasira zao. Wakasikia filimbi, kelele na vishindo vya miguu. Walipofungua milango wakaona mwanamume anakimbia peke yake, redio mkononi, wakapiga kelele za mwizi.

Jiwe la kwanza lilinipata mgongoni. Sikuelewa. Niligeuka kumtafuta huyo mwizi anayepigiwa kelele, nikapigwa mtama, nikaanguka. Rungu likatua begani. Nilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pangu, nasema nakaa pale, nakaa pale, na ulimi umekuwa mzito hata mimi mwenyewe sijisikii.

"Nani anamfahamu huyu?" mtu mmoja akauliza.

Kimya. Nilitazama nyuso zile moja moja. Jirani wa nyumba inayotazamana na yangu alikuwa na tochi. Akanimulika usoni, akanitazama sana, kisha akainamisha kichwa. Nyuma yake nilisikia mtu anaagiza mafuta ya taa.

Ndipo yule mama akafika. Alipita katikati yao akanilalia mwili mzima, na fimbo iliyokuwa inanijia mimi ikampata yeye. Wenzake wakatuzunguka, hata Singasinga, anahema, mikono magotini.

"Ni wetu huyu," mama alisema.

"Anaitwa nani?"

"Jina silijui. Hajatuambia. Lakini ni wetu, kwa hiyo anzeni na mimi."

Wakaanza kutazamana, fimbo zikashuka, na mmoja mmoja wakarudi majumbani mwao. Singasinga ndiye aliyenipeleka hospitali kwa gari lake. Njia nzima sikumwambia hata asante.

Jioni yule jirani alibisha hodi, ameleta maziwa na pole. Bega langu lilikuwa limefungwa na hasira zimenijaa tele. Nikamuuliza kama kweli hakunitambua.

"Nilikutambua," alisema taratibu. "Nikajiuliza, nikisema namjua, wakaniuliza ni mtu wa namna gani, nijibu nini? Miezi tisa hujawahi hata kuniitikia salamu."

Nilipigwa na butwaa kuliko nilivyopigwa na lile rungu. Nikamwambia karibu ndani, ukae, na ndipo nilipoona kwamba nyumba nzima ina kiti kimoja.