Maporomoko ya Mama Kwenye Ramani Kuukuu

Kwa miaka mingi nilikana mbele ya kaka yangu kwamba naamini habari za maporomoko ya Mama. Niliamini. Mama, anayeishi Luanda Kotieno, husema alizaliwa kwenye milima iliyo juu ya Kisian, mahali ambapo vijito viwili hukutana kisha maji yakaruka mwamba. Walihama akiwa mtoto. Sasa magoti yanamgomea na anataka kupaona mara moja, lakini kaka yangu Odhiambo, mwenye gari, hataki kuhangaika kutafuta mahali ambapo anadhani hapapo.

Mwezi uliopita, kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Kisumu, nilikuta ramani ya zamani ya milima hiyo hiyo, imechanika kwenye mikunjo. Niliitandaza mezani nyumbani, nikavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mistari ya kahawia, inayoonyesha kimo, ilikuwa imeachana kwa raha zake. Kisha, chini kidogo ya pale vijito viwili vya buluu vinapokutana, ikabanana kama nywele zilizosukwa. Ardhi inakatika pale! Nilipiga kelele peke yangu, msomi mzima.

Jumamosi asubuhi nilipita Otonglo kwa matatu, nikashuka Kisian na kuanza kupanda kwa miguu, mto ukiwa mkono wa kulia. Pumzi yangu ilibaki barabarani.

Adhuhuri, mwanamke aliyekuwa akipalilia maharagwe, Mama Atieno, alinikuta nikibishana na karatasi.

“Hii mistari yote ni barabara?” aliuliza. “Basi sisi ni Nairobi!”

“Ni kimo, Mama. Hapa inapobanana, maji yanaanguka. Mama yangu alizaliwa hapo.”

“Maji iko. Lakini kwanza ukule. Nikuachilie na njaa, watu waseme nini?”

Nyumbani kwake nilikula ugali na dagaa wa omena, miguu ikicheza chini ya meza.

“Gari inafika hapa kwangu,” alisema. “Kutoka hapa, mama yako tutambeba.”

Tulishuka pamoja. Nyuma ya mwamba, maporomoko yakatokea: meupe, yakinguruma, marefu kama nyumba ya ghorofa. Lakini je, ndiyo yenyewe? Nikampigia Mama.

“Mama, nimeyapata!”

“Usinieleze. Pita nyuma ya maji.”

Nilipita, nikalowa chapachapa.

“Simu itakufa, wewe!” Mama Atieno alinifokea.

“Kushoto kwako,” Mama akasema, “kuna jiwe la kukalia?”

Nilipapasa gizani. “Nimelikalia, Mama.”

Nikasikia akipenga kamasi.

“Basi ondoka, hapo nakaa mimi. Na umwambie Odhiambo ajaze gari mafuta.”