Samaria au Yuda

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Kuna jirani hapa West Side ya Buffalo aliyenipa kochi bure, nikambana mpaka akaongeza na taa ya mezani. Lakini mama yangu alinishinda kwa swali moja tu.

Alikuwa ameshapita mahojiano ya uraia, kimebaki kiapo. Asipoapa, msaada wa serikali kwa wazee ungekatika, na ndio ulionunua dawa zake za moyo. Mshahara wangu wa ghalani niliupigia hesabu mara mbili, mara zote mbili ulikataa. Nikaketi naye jikoni kumtafsiria maneno ya kiapo, nikidhani ni kazi ya dakika tano. Nilipofika pale pa kuacha utii wote kwa nchi nyingine, akavua miwani.

"Donc, sisi ni wa Samaria ao wa Yuda?"

Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Falme zilikuwa mbili. Ya kaskazini ilianguka kwanza. Waashuru wakawachukua watu wa Samaria, na hao hawakurudi, waliyeyukia huko huko. Yuda ikaanguka baadaye, lakini waliofika Babeli waliomba wakielekea kwao, na wazao wao wakarudi. Basi yeye akiapa kwa moyo wote, ni Samaria, amekwisha. Akiapa huku moyo uko milimani kwetu Kivu, ni yule mfalme wa mwisho wa Yuda, aliyemwapia mfalme wa Babeli kwa jina la Mungu, akavunja kiapo, na mji ukateketea.

Nikatafuta mlango wa tatu, sikuuona. Nikamwambia aape nusu. Akauliza kama mimi, nikirudishiwa chenji dukani, hupokea noti iliyochanwa nusu.

Nikampakia garini tukaenda kutafuta jibu kwa ndugu zangu. Mdogo wangu yuko Columbus, anasoma shahada ya juu, amepanga karibu na chuo kikuu. Alisema zile zilikuwa nchi ndogo katikati ya wakubwa, zingeanguka tu. Dhambi na kiapo havikuhusika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamaliza wali wake, kisha akataka kujua: na siku milima yetu ilipochomwa, Mungu hakuwapo? Mdogo wangu akainuka kwenda kuosha vyombo, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Dada yetu wa Louisville, anayelea wazee wa watu kwa mshahara, alisema uhamisho wote ni adhabu, tufunge tutubu. Mama akamwuliza dhambi ya baba yetu, aliyeuawa akichunga ng'ombe, ilikuwa ipi. Dada akalia. Asubuhi tukageuza gari kurudi Buffalo, safari ndefu, na jibu hatuna.

Wiki ya kiapo nikafanya ninachokijua: nikambana. Nikamwonyesha dawa chache zilizobaki kwenye chupa. Nikawaleta wajukuu. Nikamkumbusha kwamba Yuda walijenga nyumba Babeli na kupanda bustani, kwa agizo la Mungu mwenyewe. Akasema kupanda si kuapa. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, mtu mzima na tumbo langu.

"Mama, siko tayari kukuzika."

Akaniita kama alivyoniita utotoni.

"Bon, papa yangu. Nitaapa. Lakini mwenye ameapa, ameapa."

Siku ya kiapo aliinua mkono akamfuatisha karani neno kwa neno, matamshi mabaya, lakini hakuacha hata moja. Wakampa bendera ndogo, nikampiga picha. Nilikuwa nimeshinda.

Jioni akaombea chakula. Sala yake naijua kama mfuko wangu: anashukuru, anataja wagonjwa, anataja Louisville, anataja Columbus, kisha, kila siku tangu kambi ya wakimbizi, anamwomba Bwana aturudishe kwetu. Amina. Safari hii alitoka Columbus akaingia amina moja kwa moja. Nikadhani nimehesabu vibaya. Binti yangu, ambaye siku zote humjibu kwa Kiingereza, akafumbua macho, akasema kwa Kiswahili:

"Bibi, umeruka pa kurudi."

"Niliapa," mama akasema, akampakulia maharage.

Kesho yake nikasikiliza tena. Hakupataja pa kurudi. Nikataka nipaseme mimi, kabla amina haijapoa. Mdomo ukafunguka, ndipo nikakumbuka kwamba mimi niliapa kiapo kile kile miaka mingi kabla yake, na siku ile sikuuliza swali lolote. Nikaufunga mdomo, nikavuta sahani.