Daktari wa Meno wa Mama Mdogo

“Mama mdogo, wewe daktari wa meno alikung’oa mangapi?”

Nilikuwa darasa la pili. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama, alikuwa amebana pini midomoni huku cherehani ikinguruma, akajifanya hajasikia. Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Muda mfupi kabla, bintiye Kidoti, wa miaka mitatu, alikuwa ameshika mkasi mkubwa, na mama yake akamwambia yale ya kila siku: “Weka chini. Nitakupeleka kwa daktari wa meno akung’oe yote, ubaki kibogoyo.” Mkasi ukarudi mezani upesi.

“Fundi, hiyo dawa niazime nikajaribu kwa mume wangu,” mteja mmoja alisema, tukacheka.

Usimwone vibaya. Chumba kilikuwa kimoja: cherehani mlangoni, kitanda nyuma, pasi ya moto katikati. Alishona sare za shule na magauni ya harusi, na mtoto alimlea peke yake. Neno lolote la kumtuliza Kidoti lilikuwa msaada. Kilichomtuliza zaidi ya maneno ni chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, aliyolala nayo mdomoni. Meno yakaanza kugeuka kahawia karibu na ufizi. “Ya utoto hayo,” mama mdogo alisema, “yataondoka yenyewe.”

Kidoti akaanza kutafuna upande mmoja. Kisha akawa hali mkate mpaka uloweke. Ukimtazama tu anawahi kusema, “Hainiumi,” na wewe hujauliza kitu. Tulidhani ni kudeka. Asubuhi moja aliamka shavu limevimba hadi jicho limefumba, mwili unachemka, na bado anasema haimuumi.

Hospitalini alipokiona kiti cha daktari wa meno alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Daktari, mama mnene mwenye sauti ya chini, alipojaribu kumchungulia aling’atwa kidole. Akakitazama kidole chake. “Huyu mmemwambia mimi ni nani?”

Mama mdogo akaangalia viatu vyake.

Daktari hakufoka. Alisema mtoto huletwa jino la kwanza likichomoza, aangaliwe tu, afurahie kiti kinavyopanda na kushuka, aende zake. “Sasa mimi nakutana naye mara ya kwanza nikiwa na sindano. Ataniaminije?” Akatoa dawa ya uvimbe na kuwaambia warudi wiki inayofuata.

Wiki nzima mama mdogo alimsifia yule daktari: mpole, ana kiti kizuri, ana watoto wake mwenyewe. Kidoti alisikiliza yote, kisha akasema, “Ulisema anang’oa yote.”

Yaling’olewa mawili. Muuguzi alishika kichwa, mama mdogo akashika miguu. Mimi na mama tulikuwa nje, tulisikia. Kidoti alipotoka alimpita mama yake, akaja kushika mkono wa mama yangu. Alilala kwetu siku hiyo, na kesho yake akagoma kurudi.

Mama mdogo hakumtishia tena. Chupa aliitupa. Kila jioni alisimama na mswaki mkononi akingoja mtoto apende mwenyewe kufungua mdomo, na kuna siku hakupenda.

Sasa niko kidato cha tatu, na Kidoti ana miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita alipelekwa kukaguliwa meno, nikawasindikiza. Muuguzi alipoita, mama mdogo alinyanyuka naye.

“Wewe baki hapa, mama,” Kidoti akasema. Akaingia, mlango ukafungwa.

Mama mdogo alirudi kwenye benchi, akawa anasokota uzi uliokuwa umemganda kwenye gauni. Hakuondoa macho kwenye ule mlango. Nikamuuliza tena swali langu la utotoni: daktari wa meno alimng’oa mangapi?

“Hata moja,” akasema. “Mimi kile kiti sijawahi kukikalia. Bibi yako alikuwa anatuambia hivyo hivyo, nami nikaamini. Kuna jino huku nyuma linaniuma tangu Kidoti hajazaliwa.”