Jiwe na Uzi Nyuma ya Jiko la Shule

Shuleni kwetu Dodoma wasichana waliiacha fizikia mwisho wa kidato cha pili kama watu wanavyovua viatu mlangoni, bila kuambiwa na bila kuuliza kwa nini. Wavulana waliendelea nayo, sisi tukaelekezwa sayansi kimu, tukajifunze kukata sketi na kuoka keki kwa mayai ambayo shule haikuwa nayo. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na walimu wawili wa fizikia, kisha mmoja akaacha chaki akaenda Dar es Salaam kuuza mitumba. Ndiyo ilikuwa miaka yenyewe: biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu, na mshahara wa mwalimu umekaa palepale unatazama. Mwalimu akibaki mmoja lazima kuna watakaopunguzwa darasani, na wa kupunguzwa walijulikana.

Mwaka wetu utaratibu huo ulivurugwa na msichana mmoja kutoka Chemba. Alikuwa mrefu, mkimya, na Kiswahili alikijifunzia shuleni, kwa hiyo alikisema taratibu kama mtu anayechambua mchele. Kwao walizaliwa wasichana watupu, hivyo yeye ndiye aliyechunga mbuzi wa baba yake, na jioni ndiye aliyesimama mlangoni pa zizi kuwahesabu wakiingia. Mimi ni mtoto wa mjini, wa wale watu ambao babu zao walifika na misafara ya biashara wakachoka kutembea. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na mdomo wangu ulijulikana shule nzima mpaka jikoni. Hatukufanana kwa lolote, tulichangia dawati tu.

Siku mkuu wa shule alipotangaza mikondo ya kidato cha tatu, yule binti alisimama. Mikono aliiweka nyuma na macho aliyaelekeza sakafuni, kama alivyolelewa kusimama mbele ya wakubwa, lakini maneno yalitoka wima.

"Shikamoo mwalimu. Mimi nataka kuchimba visima. Nimeuliza, nimeambiwa bila fizikia chuoni hawanipokei. Naomba nisome fizikia."

Ukumbi ulicheka. Mimi pia nilicheka, maana nilikuwa sijapata kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo. Mkuu wa shule naye alitabasamu, akasema kama wasichana wanaitaka sana fizikia basi waanzishe klabu yao. Kabla ya kufunga muhula wamfanyie jaribio moja mbele ya shule, wenyewe, bila mwalimu kuwashika mkono, na jibu litoke sawasawa. Wakiweza atafungua fizikia kwa wasichana. Wakishindwa, habari hiyo isiinuliwe tena, si mwaka huo wala mwaka mwingine. Nadhani aliamini kaimaliza kwa upole. Binti akasema ahsante, akakaa, na kuanzia jioni hiyo hakuna aliyemwita jina lake tena. Akawa Mwenyekiti.

Wiki ya kwanza klabu ilijaa, kwa sababu ilisemekana wanachama hawataenda kupalilia shamba la shule Jumamosi. Ilipojulikana kwamba palizi iko palepale na klabu ni baada ya palizi, wengi walikumbuka wana nguo za kufua. Tukabaki wachache wa kutosha benchi moja, na mimi nilibaki kwa udadisi tu, nione yule mtu atafika wapi. Maabara ilikuwa na kufuli na vifaa vyake vilikuwa vya wavulana, hivyo tukakaa nyuma ya jiko, penye kivuli cha ukuta, upepo wa Dodoma ukitupiga vumbi la usoni bila adabu.

Sikuwahi kumwona mtu anayependa kujua kama yule. Alikata mpira wa tyubu ya baiskeli, akaufunga kwenye kopo la maziwa, akapata mizani. Alichomeka udongo wa mfinyanzi kwenye mrija wa kunywea soda, akauelesha kwenye maji, kisha kwenye maji ya chumvi, kisha kwenye juisi ya zabibu ambayo mwenzetu mmoja aliileta kutoka kwao, akatuonyesha mrija unavyopanda juu kadiri maji yanavyokuwa mazito. Juisi ilipomaliza kazi ya sayansi tuliinywa. Mwalimu wa fizikia alipita pale mara kwa mara, mikono mfukoni. Masharti yalimkataza kusaidia, lakini nilimwona anavyochelewa kuondoka.

Kwa jaribio la mbele ya shule Mwenyekiti alichagua lile linalohitaji jiwe, uzi na saa. Unaning'iniza jiwe, unalivuta kidogo pembeni, unaliachia libembee, na mtu anapima muda wa mibembeo ishirini ya kwenda na kurudi. Ukijua urefu wa uzi na muda, hesabu inakupa kiasi ambacho dunia inavuta vitu chini. Kitabu kinasema jibu ni tisa nukta nane. Jiwe tulikuwa nalo, uzi tulichomoa kwenye gunia la maharage, na saa nilileta mimi. Baba alikuwa ameanza kuuza saa za kubonyeza kutoka Dubai pamoja na vitambaa vyake, akaniazima moja huku akiniusia niishike kama yai.

Mwenyekiti akaachia jiwe na kuhesabu kwa sauti, mimi nikabonyeza saa. Jibu likatoka karibu kumi na moja. Tukarudia, kumi na moja ileile. Tukabadilisha uzi, tukabadilisha jiwe, tukahamia bwaloni na kufunga madirisha upepo usituingilie, na dunia ikaendelea kuvuta kwa kumi na moja. Mmoja akasema saa ya Dubai ni mbovu, nikakasirika kama aliyetukaniwa baba. Wavulana wa kidato cha tatu walipopata habari walikosa adabu kabisa. Wakasema Dodoma mvuto ni mkubwa kuliko kwingine, ndiyo maana serikali inasema inahamia huku, ila bado haijajua kwamba ikishafika haitoki tena.

Jumamosi ya mwisho tulikaa nyuma ya jiko tumechoka. Mwenzetu mmoja akasema jambo ambalo wote tulikuwa nalo moyoni: jibu tunalijua, tuliandike. Tukifika mbele, Mwenyekiti ahesabu, mimi niseme sekunde arobaini badala ya thelathini na nane tunazopata, hesabu itatoka tisa nukta nane na mambo yamekwisha. Kupika majibu kulikuwa kitu cha kawaida shuleni, tena walikuwepo waliosifika kwa upishi huo. Mimi niliunga mkono waziwazi. Nilisema sekunde mbili hazijawahi kumuua mtu.

Mwenyekiti alizungusha jiwe kiganjani mpaka nikadhani amekubali. Kisha akasema, "Nikipika sasa, Januari nitasoma nini? Nitapika tena? Na kisima nacho nitakipika?"

Nikamwambia asipopika Januari atakuwa anaoka keki. Akajibu kwamba hilo analijua. Alilisema kwa sauti ndogo, kwa hiyo msidhani alikuwa jiwe. Aliitaka fizikia kuliko sisi wote tukijumlishwa. Kwao kiangazi wanawake walichimba mchanga wa mto mkavu mpaka mtu anazama mabega, wakisubiri maji yajichuje kikombe kwa kikombe, na mama yake alikuwa mmoja wao. Niliacha kubishana naye. Nilimkasirikia, kisha nikamheshimu, na sikuwa nimejua kwamba moyo mmoja unaweza kubeba vyote viwili.

Siku yenyewe bwalo lilijaa. Meza zilisukumwa ukutani, mkuu wa shule akakaa mbele, mwalimu wa fizikia pembeni yake, wavulana wa kidato cha tatu wakaja mapema wapate pa kuonea. Tulifunga uzi kwenye boriti. Mwenyekiti akaeleza jaribio kwa Kiswahili chake cha kuchambua, akaachia jiwe, akahesabu. Nikabonyeza, nikasoma saa kama ilivyokuwa: thelathini na nane. Akafanya hesabu ubaoni, akaandika jibu kwa tarakimu kubwa, akapigia mstari. Kumi nukta tisa.

Mkuu wa shule akauliza kitabu kinasemaje. Akajibu kinasema tisa nukta nane. Bwalo likaangua kicheko. Mkuu wa shule akawageukia kidato cha tatu, akawauliza wao walipofanya jaribio hilohilo muhula uliopita walipata ngapi. Wakajibu kwa pamoja kama kwaya: tisa nukta nane. Nani alipata tofauti? Hakuna. Mkuu wa shule akatikisa kichwa, akaanza kuinuka. Nilijua anachokwenda kusema, na nilijua habari hiyo haitainuliwa tena miaka yote.

Mwenyekiti hakukaa. Macho yakiwa chini vilevile, akaomba kijana mmoja wa kidato cha tatu aje afanye kama walivyofanya, ili sisi tujue tulipokosea. Hakukuwa na hila ndani ya ombi lile. Naapa alitaka kujifunza tu. Mkuu wa shule akamwita kijana aliyekuwa akiongoza darasa lao, naye akaja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupokea zawadi. Akavuta jiwe, akaliachia, akahesabu kwa sauti nzito, "Moja, mbili, tatu," mpaka ishirini. Mimi nikabonyeza. Nikasoma: thelathini na nane.

Yule kijana aliiangalia saa, akaniangalia mimi. Mkuu wa shule akamwambia aende ubaoni. Akaandika polepole, chaki ikakatika, akaokota kipande, na jibu likatoka palepale chini ya letu. Kumi nukta tisa. Bwalo zima likaukodolea macho ubao.

Lakini Mwenyekiti hakuwa akiangalia ubao. Alikuwa bado anaangalia jiwe, na midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Kusikia hesabu kwenye mdomo wa mtu mwingine kulimfungua. Akalishika jiwe, akaliachia, akasema "moja." Likaenda, likarudi, akasema "mbili." Akalisimamisha kwa kiganja.

"Mwalimu, tumehesabu mbuzi," akasema. "Mbuzi wa kwanza akiingia zizini ni mmoja, kwa sababu ameshaingia. Lakini mimi nikiachia jiwe, bado halijaenda wala kurudi. Nimesema moja na hakuna kilichopita. Ishirini yetu ni kumi na tisa."

Wengi hawakuelewa, niliona nyuso zao. Hapo mdomo wangu, uliozoea kuniponza, ukafanya kazi ya maana mara moja. Nikasema kwamba dukani kwetu muuza kitambaa hasemi moja anaposhika pindo. Anavuta mpaka mkono ujae, ndipo anasema moja, na akihesabu kutoka kwenye pindo mteja ameibiwa. Minong'ono ikapita bwaloni, ile ya watu wanaoona kitu kwa mara ya kwanza.

Mkuu wa shule akaagiza tufanye tena. Mwenyekiti akaachia jiwe na kusema "sifuri." Moja akaisema jiwe liliporudi. Ilipofika ishirini nikabonyeza, nikasoma kwa sauti. Arobaini na kidogo. Ubaoni likatoka tisa nukta nane, bila mpishi.

Hapo hakuna aliyecheka, maana kila mtu alikuwa amefika mahali pamoja. Kidato cha tatu walikuwa wameanza kutazama viatu vyao. Waliachia jiwe kwa moja kama sisi. Jibu lao lilipaswa kuwa kumi nukta tisa kama letu, na hawakulipata hata mmoja, darasa zima. Mwalimu wa fizikia, ambaye alizisahihisha kazi zile na kuzipigia vema nyekundu, alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati.

Tukamgeukia mkuu wa shule. Nilitegemea hotuba, maana alizipenda, lakini aliinuka tu, akavuta koti lake, akamgeukia mwalimu wa fizikia.

"Januari wasichana wanaotaka fizikia wapewe nafasi," akasema. "Na hawa wavulana waanze upya."

Vigelegele vyetu vilifika jikoni, wapishi wakatoka na miiko kuuliza nani kaolewa. Nilimtafuta Mwenyekiti nimrukie. Alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, palepale chini ya uzi, amejifunika uso kwa mikono miwili, analia kwa sauti bila kujali nani anamwona. Mimi nimekwishazeeka kidogo, nimeolewa, nimezaa, nimeona wanangu wakipokea vyeti vyao. Sijapata kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea yule pale sakafuni. Nilikaa chini karibu naye, nikampa bega langu.