Treni ya Jirani Yetu

Jirani yetu hutengeneza tovuti za watu. Kwenye tovuti yake mwenyewe huandika juu ya safari zake: bendi aliyoikuta ikipiga kwenye hoteli ya mpakani, jinsi simu zilivyowafanya abiria wasiangaliane. Anaandika vizuri, sikatai. Ila viatu vyake haviondoki mlangoni. Kamera ya kompyuta yake ameiziba kwa plasta ya kidonda, na ukimsalimu hutoa hedifoni sikio moja tu. Vidole vyake havitulii. Hata akiongea nawe vinabonyeza hewa. "Huyo ana lake jambo," mke wangu husema.

Jumamosi moja nilienda kumwomba apunguze muziki. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amenipa mgongo, anaongea na mama yake, simu ikiwa mezani na spika imewashwa. Kumbe uliokuwa ukinguruma ukutani kwetu haukuwa muziki, ni treni, na ilitoka kwenye kompyuta.

"Niko stesheni, mama, watu wamejaa! Wiki hii siwezi kuja." Akabonyeza kitufe, honi ikalia.

"Mwanangu, mbona treni zako zote zina honi moja?"

Vidole vikasimama. Nilitaka kurudi kinyumenyume, lakini nikabaki pale mlangoni.

"Niko chumbani, mama. Naona haya kuja nyumbani bila mke."

"Najua mkeo amekuacha, baba. Umekula?"

Aliizima ile treni, akalaza kichwa mezani karibu na simu, na mama yake akaendelea kumsubiri.